Puto Katika Koo la Nthoki

Soko la mbuzi la Kiamaiko lina namna mbili za kutaja bei. Ya kwanza haina sauti. Wanaume wawili wanasalimiana, mmoja anatupa shuka juu ya mikono yao, na chini ya shuka wanashikana vidole. Kidole kizima ni kumi, au mia, au elfu, kutegemea wanachouziana. Pingili moja ni nusu. Kiganja chote ni vidole vitano kwa pamoja. Nyuso zao hazikuambii kitu. Utawasikia wakiongea habari za mvua ya Marsabit, kumbe huko chini wananyongana. Wakikubaliana, mmoja anampiga mwenzake kofi la kiganja, na hapo hata ukija na gunia la noti umechelewa. Kofi likishapigwa, biashara hairudiwi.

Namna ya pili ilikuwa ya Nthoki.

Nthoki aliingia Kiamaiko akitokea Mwingi, hana mbuzi, hana shuka, na hana mtu. Alianza kwa kuosha matumbo machinjioni. Alipoanza kununua mbuzi wa kuwapelekea wenye bucha wa mitaa ya Kayole na Tena, aligundua kwamba lile shuka halikuwa na nafasi yake. Wafanyabiashara wa kaskazini hawashiki mkono wa mwanamke asiye wao. Hakukasirika. Dini ni dini. Ila aliona wazi kwamba bei nzuri zote zilikuwa zinapita mahali ambapo mkono wake haufiki, akaamua kwamba kama bei haiwezi kupita mkononi mwake, basi itapita masikioni mwa kila mtu.

Akatafuta kreti la soda, akalipindua, akapanda juu yake. Muuzaji akitaja bei, Nthoki anaitangaza kwa sauti ya kuamsha waliolala Huruma, kisha anamtaja mbuzi kasoro zake moja moja: huyu anachechemea, huyu amenyweshwa maji asubuhi tumbo lijae, huyu ni bibi wa watu ana wajukuu. Wanunuzi wanacheka, muuzaji anaona haya, bei inashuka. Wapo waliomuuzia kwa bei ya chini ili anyamaze tu.

"Mama Kamene," Mzee Wehliye alikuwa akimwambia, huku akipangusa ndevu zake zilizotiwa hina, "siku utakayokufa, masikio yangu yatachinja ng'ombe."

"Utanililia, mzee. Nani mwingine atakutukana bila kukosea hata neno?"

Wehliye alikuwa muuzaji mkubwa, mbuzi wake wakija kwa malori kutoka Moyale. Walikuwa wametukanana miaka mingi hivi kwamba mmoja asipofika sokoni, mwingine anauliza.

Jambo la pili lililomfanya Nthoki ajulikane ni mkono. Hakuwa mtu wa mizani. Wengine walimfunga mbuzi mkanda na kumning'iniza. Yeye alimpapasa mgongo nyuma ya ubavu wa mwisho, akamwinua kidari kidogo kwa kiganja, akasema kilo. Waliobisha walikimbilia mizani, wakarudi wamenyamaza. "Mizani ni ya mtu asiyejiamini," alisema.

Sasa, siku pumzi ilipomkataa, alikuwa juu ya lile kreti. Kulikuwa na beberu mweupe mwenye doa shingoni ambaye mwenye bucha mmoja wa Tena alikuwa amemwagiza. Wehliye akataja bei. Nthoki akavuta pumzi aitangaze soko zima liicheke, na pumzi haikuja. Ilikuja uzi tu, kwa mluzi, kama upepo unaopenya chini ya mlango. Akavuta tena. Mluzi ukapanda, mabega yakapanda, shimo la chini ya koo likazama ndani, na sauti haikutoka.

"Niaje, mathe!" mwenye bucha mmoja kijana wa Umoja akapaza sauti. "Leo umekuja na filimbi? Refa amefika, wasee!"

Watu wakacheka. Lilikuwa soko lilelile alilolifundisha yeye kucheka. Nthoki alishuka kwenye kreti akashika nguzo, na alipoinua macho, shuka lilikuwa limeshatupwa juu ya mikono miwili mingine. Kofi likalia. Beberu mweupe akaondoka.

Wehliye peke yake hakucheka. Alimtazama vile anavyomtazama mnyama aliyekataa maji.

Mambo hayakuanzia hapo. Mwanzoni mwa mwaka Nthoki alikuwa ameugua nimonia mbaya, mapafu yakashindwa, akalazwa ICU akipumuliwa na mashine. Yeye mwenyewe hakumbuki chochote. Binti yake Kamene, karani katika duka moja la vifaa vya ujenzi, ndiye aliyekaa kwenye benchi la nje akiomba. Mashine ilimvusha. Alitoka amekonda, sauti ina mikwaruzo, wakamwambia mikwaruzo itaisha, na kweli ikaisha. Akarudi sokoni. Kwa Nthoki, kofi lilikuwa limepigwa: aliugua, akapona, biashara imefungwa.

Wiki zikapita, ndipo pumzi ikaanza kupungua. Kwanza ilikuwa ngazi tu. Anaishi ghorofa ya juu kabisa kule Kayole, na alianza kupumzika kila ghorofa, simu ameiweka sikioni, anatikisa kichwa kama anayesikiliza habari ndefu, ili majirani wasijue. Kisha ikawa mteremko wa kwenda stendi. Kisha ikawa sentensi. Alikuwa akianza kumtukana mtu na tusi linamkatikia katikati.

Alikwenda kliniki. Wakamsikiliza kifua, wakasema pumu: vumbi la soko, manyoya ya mbuzi, umri. Wakampa kipampu cha kuvuta mdomoni. Alivuta. Akavuta mara mbili ya alivyoambiwa. Akabadilisha kliniki, akapewa kipampu cha rangi nyingine na mashine ya mvuke, kisha vidonge vilivyomvimbisha uso. Sokoni kila mtu alikuwa na lake: asali na limau, mafuta ya mkia wa kondoo, maombi ya kanisa fulani. Alijaribu yote isipokuwa maombi, kwa sababu yalihitaji kupiga kelele.

Na kila daktari alipomuuliza habari za nyuma, Nthoki alijibu, "Nilikuwa na nimonia, nikapona." Basi. Ile mashine hakuitaja hata mara moja. Ukimuuliza kwa nini, angekwambia mambo mawili ambayo kila dalali wa Kiamaiko anayajua. La kwanza, biashara iliyopigiwa kofi hairudiwi. La pili, mnunuzi akionekana mgonjwa anauziwa kama mgonjwa. Alikuwa amezoea kuficha ugonjwa mbele ya watu wanaotaka kumuumiza, akaja kuuficha mbele ya watu waliotaka kumsaidia.

Kufikia mvua za mwisho wa mwaka alikuwa analala ameketi. Kamene alikuwa amempangia mito juu ya viti viwili karibu na dirisha, kwa kuwa akilala chali anaamka akipigapiga ukuta. Ugali aliuacha, kwani kuutafuna kulimwibia pumzi; alikunywa uji na mchuzi. Mluzi ulikuwa wakati wote sasa, akiwa macho, akiwa amesinzia, mpaka mtoto wa jirani akauliza kuna ndege gani humo ndani. Maneno akawa anayachagua kama mtu anayetoa meno yake mwenyewe. "Maji." "Dirisha." "Toka." Yeye, aliyekuwa akimwaga maneno bure sokoni!

Asubuhi moja alikohoa, makohozi yakapanda na kukwama, na pumzi ikakatika kabisa. Hapakuwa na mluzi tena. Kamene aliona midomo ya mama yake ikigeuka rangi ya ini, akampiga mgongoni kwa kiganja, akapiga tena, akipiga kelele, akimwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu! Mwaitu, vuta!" Lile donge likasogea. Mluzi ukarudi, na Kamene akaketi sakafuni akalia kwa furaha ya kuusikia.

Kamene alimpeleka hospitali ya tatu, wote wawili wakiwa hawana hata nguvu ya kuuliza ni ya nani. Hapo daktari mmoja wa koo, Daktari Odero, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, hakumwekea chombo cha kusikilizia kifuani. Alikiweka shingoni.

"Mluzi unatoka anapovuta ndani," alisema. "Pumu kwa kawaida hulia ikitoka nje, tena kifuani. Mama, uliwahi kuwekewa mpira wa kupumulia? Mashine?"

Nthoki alimtazama. Kisha akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayefungua mfuko alioufunga mwenyewe.

Waliingiza kamera nyembamba. Picha walimwonyesha Kamene kwenye skrini: bomba la rangi ya waridi lenye mistari ya pete, na katikati yake kovu jeupe lililolizunguka pande zote, na katikati ya kovu tundu ambalo kalamu isingepita.

Aliyekuja kueleza ni daktari wa dawa ya usingizi, Daktari Everline, mama mfupi mwenye miwani na mikono mipana. Ilikuwa saa ya kutembelea wagonjwa. Wehliye alikuwa amefika, amekaa mbali kidogo kwa heshima, na pamoja naye dada yake Falis, anayeuza chai na maziwa ya ngamia pale sokoni. Falis alikuwa ameketi juu ya kitanda bila kuomba ruhusa, akimpepea Nthoki kwa kipande cha katoni.

"Ule mpira unapitishwa mdomoni hadi kwenye koo la pumzi," Daktari Everline alisema. "Karibu na ncha yake una puto dogo. Likijazwa upepo linaziba pembeni, hewa ya mashine isivuje, mate yasiteremke mapafuni. Ni lazima liwepo. Lakini ukuta wa koo una mishipa midogo sana ya damu. Puto likiwa na upepo wa kadiri, damu inapita. Likikazwa zaidi, linaubana ukuta, damu haipiti, na nyama isiyopata damu inakufa. Inakufa kimya, wewe umelala. Mpira ukitolewa unajisikia mzima. Kisha kidonda kinapona kwa kovu, na kovu linajivuta, linajivuta, kama mdomo wa mfuko uliotiwa kamba. Ndiyo maana ulikaa vizuri kwanza."

"Ni upepo tu?" Kamene aliuliza.

"Upepo ndio mkubwa. Lakini mpira ukiwa mnene kuliko koo unachubua. Mgonjwa akigeuzwa bila kuushika, unavutwa, puto linasugua. Presha ya damu ikiwa chini, hata upepo wa kawaida unaweza kuishinda. Na kadiri unavyokaa na mpira ndivyo hatari inavyoongezeka. Mama alikaa muda, na alikuwa mgonjwa sana."

Nthoki aliinua kidole. Wote wakamngoja akusanye pumzi.

"Raba," alisema.

Daktari hakuelewa. Wehliye alielewa mara moja, akapiga goti lake. Wafugaji wakitaka kuhasi beberu bila kisu, wanachukua kipete cha raba, wanakivisha juu ya pumbu na kukiacha. Hakuna damu, hakuna kelele nyingi. Damu inakatika, nyama inakauka, na siku moja inadondoka malishoni.

"Wallahi!" Wehliye alisema. "Kumbe walikuhasi koo!"

"Mzee!" Kamene alishtuka.

Lakini Nthoki alikuwa anacheka. Kicheko kilimbana, mluzi ukapaa, macho yakamtoka, ikabidi Falis amwinue na daktari amwekee oksijeni. Alipotulia, machozi yakiwa bado mashavuni, aliinua kidole tena.

"Walijuaje," akapumua, "imetosha?"

Daktari Everline alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nje ya mdomo kuna kifuko kidogo kilichounganishwa na lile puto. Wengi wanakibonyeza kwa vidole. Kikiwa kigumu kiasi, wanasema imetosha. Kuna geji ya kupimia, kama ile ya upepo wa magurudumu, lakini ndogo, na upepo salama husomeka kati ya ishirini na thelathini. Pengine haipo. Pengine ipo kabatini, na mwenye ufunguo amekwenda chakula. Vidole vinadanganya, mama. Hata vya mtu mzoefu. Mara nyingi vinaongeza."

Nthoki aliitazama mikono yake iliyolala juu ya blanketi. Alijua jinsi vidole vinavyoongeza. Mwisho wa siku, mikono ikiwa imechoka, kila mbuzi anakuwa mzito. Ndiyo sababu hakununua baada ya saa tisa. Huyo mtu aliyembonyezea kifuko alikuwa amechoka, au alikuwa anajiamini, au vyote viwili. Nthoki alimtafutia chuki akakosa. Angekuwa yeye pale, angebonyeza hivyo hivyo, na geji angeicheka.

Daktari Odero alipoingia alisema machaguo kwa kifupi. Kovu linaweza kutanuliwa, lakini lilivyo nene litarudi kujifunga kabla mwezi haujapita. Linaweza kukatwa, kipande cha koo kitolewe, juu na chini zishonwe pamoja. Ikifaulu anapumua kama watu, sauti haijulikani. Au atobolewe tundu shingoni, chini ya kovu, awekewe kibomba cha kupumulia hapo. Hilo ni jepesi zaidi. Ataishi.

"Na kuongea?" Kamene aliuliza.

"Ataongea akiziba tundu kwa kidole, kama juu patapitisha hewa. Hapa juu hapapitishi."

Nthoki alifikiria kreti lake. Soko lisilomshika mkono, na yeye asiye na sauti. Angekuwa nani pale? Angerudi kuosha matumbo. Aliweka kidole kwenye mkono wa Daktari Odero, akafanya alama ya kukata.

"Kukata? Sawa. Lakini elewa jambo moja," Daktari Everline alisema. "Ili akukate, ni lazima nikulaze. Na nikikulaza, nitakuwekea mpira. Mwembamba zaidi ya ule, lakini mpira. Wenye puto."

Hapo Nthoki alijivuta nyuma mpaka kichwa kikagonga chuma cha kitanda. Alivuta barakoa ya oksijeni akaitupa. Akaonyesha mlango. Kamene akamshika mabega. "Mwaitu, tafadhali. Mwaitu, utafia kwenye ngazi." Nthoki akaonyesha mlango tena. Mtu amekutia raba shingoni, halafu anakuja na raba nyingine anasema hii ni ndogo! Mluzi ulikuwa mkali kiasi kwamba wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. Alikuwa anazama mbele yao, hewa imejaa wodi nzima, madirisha wazi, na yeye hafikiwi nayo.

Falis ndiye aliyeona. Nthoki alikuwa ameacha kuonyesha mlango. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele, kiganja juu, kwa Daktari Everline, na macho yake yalikuwa yamekazwa vile yanavyokazwa sokoni.

"Anataka biashara," Falis alisema.

"Biashara gani?"

"Hana pumzi ya kukuuliza kwa mdomo. Anataka kujua upepo utaweka kiasi gani. Mpe mkono, daktari." Akavua shali yake kubwa ya mabegani, akabaki na mtandio, akaitupa juu ya mikono ya wale wanawake wawili. "Kidole kimoja ni kumi. Pingili ni tano. Usitazame chini, mtazame usoni. Na usicheke, ni tusi."

Wehliye, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuona mkono wa Nthoki chini ya shuka, alisogea karibu kidogo, akasahau heshima.

Daktari Everline alihisi vidole viwili vikibanwa. Ishirini.

"Hapana," alisema. "Ishirini iko ukingoni. Ikiteleza chini kidogo tu, mate yatashuka mapafuni, urudi kwenye nimonia iliyokulaza mwanzo." Akatafuta mkono wa Nthoki kwa uzito wa mgeni, akabana vitatu. Thelathini. "Huo ndio mwisho wa juu. Hatupiti hapo."

Nthoki alibana viwili.

"Nimekwambia ishirini haitoshi."

Viwili, kwa nguvu zaidi. Uso wake ulikuwa wa kijivu, jasho limesimama juu ya mdomo, na bado haukumwambia mtu kitu. Kamene alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Daktari Odero alitazama saa, kisha akaacha kuitazama.

Daktari Everline alifikiri. Kisha akabana viwili, na pingili moja ya cha tatu. Ishirini na tano.

Nthoki hakupiga kofi. Alizidi kumshika. Kwa mkono wa pili alichora hewani kitu cha duara, chenye mshale.

"Geji," Kamene alitafsiri. "Anataka kwa geji. Sio vidole."

"Kwa geji. Huko thieta ya upasuaji ninayo yangu, naiweka mfukoni. Kila tukikusogeza, nitapima upya." Alijaribu kuutoa mkono wake, ukakataa kutoka. "Nini tena?"

Nthoki alionyesha sakafu, vitanda, wodi yote. Baadaye? Huku?

"Huku sikuahidi," daktari alisema. "Wodi si yangu. Sitakudanganya, zamu zinabadilika." Nthoki hakulegeza. "Basi nikupe hili. Ukiamka vizuri, mpira nitautoa mwenyewe kabla hujatoka thieta. Haufiki huku. Ukiamka vibaya, nitakaa na wewe na geji yangu mpaka utoke. Sina kingine cha kukuongezea, mama."

Alisema "sina kingine" na macho yake hayakutembea. Nthoki alikuwa amewaona wengi wakiyasema hayo, wengi wao waongo. Huyu hakuwa na mazoea ya kudanganya kwa bei. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho kama wa Nthoki. Alifunua shali, akainua kiganja, akalipiga kofi. Lilikuwa kofi dhaifu, lakini lililia.

"Imekwisha," Wehliye alisema. "Hairudiwi."

Asubuhi ya upasuaji walimsukuma akiwa ameketi nusu, kwani akilazwa alikuwa anakatika pumzi. Thieta ilikuwa baridi na imejaa watu wa kijani, wote wana barakoa, wote macho tu. Nthoki aliwatazama mmoja mmoja akatafuta miwani. Watatu walikuwa na miwani. Alifanya biashara na mtu mmoja, na sasa hapa kulikuwa na kundi, na mtu yeyote kati yao angeweza kukishika kile kifuko kwa vidole vyake akasema imetosha. Alitaka kuuliza. Mdomo ulifunguka, mluzi peke yake ukatoka. Alijaribu kushuka kitandani. Mikono ikamshika kwa upole, ikamrudisha, na mtu akasema kutoka nyuma ya barakoa, "Tulia, mama, tulia," na sauti ilikuwa ya mtu yeyote.

Kisha chini ya shuka la kijani lililomfunika mkono mpana uliingia, ukaupata wake, ukabana vidole viwili, na pingili moja.

Nthoki aliacha kushindana. Aliubana mkono huo mara moja, kama anavyofanya mtu anayesikia bei aliyokwisha kuikubali. Dawa ikaanza kupanda kwenye mshipa wake, baridi, na alipokuwa anakwenda usingizini alikuwa bado ameshika ile pingili.

Aliamka kidevu kimeshonwa kwenye kifua. Walikuwa wamemwambia, lakini kuambiwa si kuona: nyuzi mbili nene zilimlazimisha kutazama tumbo lake kama mtu aliyeaibishwa, ili asinyooshe shingo akapasua mshono. Koo liliwaka moto. Mkono wake ukaenda mdomoni moja kwa moja, ukapapasa meno, midomo, pembe za mdomo. Hapakuwa na mpira.

Akavuta pumzi. Ikaingia. Ilikwenda mpaka chini, mahali ambapo hewa haikuwa imefika kwa miezi mingi, na haikuwa na sauti yoyote. Alivuta nyingine, akiitegea masikio kama mtu anayesubiri kutapeliwa. Kimya. Daktari Everline alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, barakoa shingoni, amesinzia, na mfukoni kulikuwa na kitu cha duara kilichovuta kitambaa.

Pumzi alirudishiwa. Sauti, hapana, si ile. Nyuzi zilipokatwa na shingo ikanyooka, kilichotoka kilikuwa mchakacho wa karatasi, unaosikika na mtu aliye karibu tu. Daktari Odero alisema huenda sauti ikapanda kidogo mwaka ukipita, huenda isipande, na kwamba kovu linaweza kurudi, kwa hiyo akisikia mluzi asingoje. Nthoki hakulia mbele yake. Alilia chooni, bila sauti, na hilo nalo lilimuudhi.

Aliporudi Kiamaiko alilikuta kreti lake pale pale. Kuna mtu alikuwa amelifanya kiti. Hakulipanda. Alisimama chini kati ya mbuzi, na kila alipojaribu kusema bei, kelele za soko zilimfunika kama blanketi. Wiki ya kwanza hakununua hata kwato. Wenye bucha walianza kuagiza kwingine. Yule kijana wa Umoja alimpita akamsalimia kwa adabu, na adabu hiyo ilimuuma kuliko ile filimbi.

Jumatatu iliyofuata Falis aliacha birika lake kwenye jiko, akaja akasimama kati ya Nthoki na kaka yake, akajifuta mikono.

"Wewe unashikana na mimi," alimwambia Nthoki. "Mimi nashikana na yeye. Nikichoka, chai itakuwa ghali."

Akatupa shali. Mkono wa kulia kwa kaka, wa kushoto kwa Nthoki, naye katikati akitazama angani kama mtu anayengoja mvua. Ilikuwa polepole. Ilikuwa ya kuchosha. Wanaume waliokuwa karibu walisonya. Lakini kwa mara ya kwanza bei ya Nthoki ilipita pale ambapo bei nzuri hupita, na hakuna aliyeisikia.

Mbele yao alikuwa beberu mwekundu mnene. Nthoki alikuwa ameshampapasa mgongo nyuma ya ubavu wa mwisho na kumwinua kidari. Alikuwa ameshajua kilo. Falis alikuwa amekwisha kuinua kiganja kupiga kofi, pande zote mbili zimekubaliana, Nthoki alipoishika shali akaizuia. Akainama karibu na sikio la Falis, na Wehliye akaona midomo yake ikitembea.

"Anasemaje?" Wehliye aliuliza.

Falis alimtazama Nthoki, kisha kaka yake.

"Anasema apimwe kwanza."

"Apimwe? Kwa mizani?" Wehliye aliangalia huku na huku kama aliyetukanwa mbele za watu. "Mama Kamene! Wewe?"

Nthoki alikuwa amesimama amefumba mdomo, akivuta hewa kwa pua, akisikiliza. Kila asubuhi anafanya hivyo kabla hajatoka kitandani, na tena hapo sokoni katikati ya kelele zote, mkono umekaa kwenye shingo juu ya mshono. Anasikiliza kama mluzi umerudi. Siku hiyo haukuwa umerudi. Akaashiria kwa kidole, na mkanda wa mizani ukapitishwa chini ya tumbo la beberu.